Kitabu Changu Kiliungua Chini ya Menengai: Ushauri kwa Anayetaka Kucheza Msomi wa Speli

Kitabu changu kiliungua chini ya Menengai, na aliyekichoma ni binamu yangu.

Si Menengai hii tunayopandisha wageni, walinzi wa msitu watulie. Ni Menengai ya mezani, ya mchezo wa hadithi na dadu uitwao Dungeons & Dragons, ile ambayo refa wetu, tunayemwita Mwalimu, huijenga kila Jumapili alasiri nyuma ya duka langu la fotokopi hapa Nakuru, kwa penseli, karatasi zilizoharibika mashineni na sauti yake ya mwalimu wa hesabu. Hakuhitaji kubuni mengi. Mlima uko juu ya mji, mvuke unafuka kutoka ardhini, na Wakikuyu waliuita Kirima kia Ngoma, mlima wa mizimu, zamani kabla yeyote kati yetu hajashika dadu.

Basi siku hiyo mhusika wangu alikuwa amekaa pangoni, kitabu chake kimefunuliwa juu ya jiwe, anasoma polepole speli, yaani maneno ya uchawi, ya kugundua uchawi. Vibwengo sita wakachomoka kwenye ufa wa ukuta. Nikasema naruka nyuma ya nguzo. Binamu yangu, ambaye mhusika wake alikuwa ndiyo kwanza amefika ngazi ya tano na mkono unamwasha, akasema bila kumtazama mtu, "Tufe la moto. Katikati yao."

Mwalimu akahesabu futi ishirini kila upande kwenye karatasi ya mraba. Akasimamisha penseli. Akaniuliza, kwa ule upole wa mtu anayekurudishia mtihani uliofeli, "Kitabu ulikishika?"

Sikukishika. Na kanuni ya tufe la moto iko wazi: kila kinachoweza kuwaka ndani ya mviringo ule, kama hakuna aliyekivaa wala kukibeba, kinawaka. Vibwengo walikufa wote. Tulishinda. Mimi nilienda kusimama nje nikanunua smoki pasua mbili ambazo sikuwa na njaa nazo.

Naandika haya kwa sababu tangu mwaka jana vijana watatu wamekuja dukani kuchapisha kanuni za Dungeons & Dragons, na wote watatu waliniambia wanataka kucheza msomi wa speli. Wote watatu walikuwa wameshika jambo hili kichwa chini miguu juu, kama mimi nilivyolishika. Walidhani kazi ya msomi ni kurusha moto. Kumbe kazi yake ni kutunza kitabu, na moto ni matokeo.

Kwanza tuelewane maneno. Mchezo huu una refa mmoja anayesimulia dunia, na wachezaji ambao kila mmoja ana mhusika wake. Dadu inaamua pale ambapo hakuna mwenye uhakika. Neno refa silitoi mpirani. Vijitabu vya kwanza vya mchezo, vya Gary Gygax na Dave Arneson, vilivyotoka Marekani mwaka 1974, vilimwita hivyo hivyo. Huyo mwenye kitabu cha speli, sisi tunamwita msomi. Mwanzoni tulimwita mchawi, hadi siku mama yangu alipopita na thermosi ya chai akamsikia binamu akipaza sauti, "Mchawi wetu amelala, tumwamshe!" Alisimama mlangoni na chai yake. "Wanangu, ni nini mnafanya hapa?" Ilinichukua nusu saa kumweleza kwamba ni hesabu na hadithi tu, na dadu hatuwekei pesa. Kwetu neno mchawi si la mchezo, watu wameumizwa kwa sababu yake. Tangu hapo ni msomi, na kusema kweli jina limemfaa kuliko lile la kwanza, kwa maana mtu huyu nguvu zake zote anazipata kwa kusoma.

Jingine: kwa Kiingereza, kiwango cha mhusika na kiwango cha speli vinaitwa kwa neno moja, na hapo ndipo wageni hupotelea. Sisi tumetenganisha. Mhusika ana ngazi, kuanzia ya 1 hadi ya 20. Speli ina daraja, kuanzia la 1 hadi la 9. Msomi wa ngazi ya tano anafikia speli za daraja la tatu. Ukisema hivyo kwa Kiswahili hakuna anayechanganyikiwa, na Mwalimu hupenda kutukumbusha kwamba kwa mara moja lugha yetu imewashinda wenye mchezo.

Tunatumia kanuni za mwaka 2014. Kuna toleo jipya la 2024 lililobadilisha mambo kadhaa, lakini mimi nina rimu mbili za karatasi zilizochapishwa tayari, na sehemu kubwa ya kanuni zile za msingi iliachiliwa Januari 2023 kwa leseni inayoruhusu mtu yeyote kunakili. Kwa mtu wa biashara yangu hilo si jambo dogo. Kunakili kitabu cha mtu bila ruhusa ni kesi. Hiki nakinakili nikiwa nimeacha mlango wazi.

Sasa, msomi anajifunzaje? Binamu yangu anacheza yule aliyezaliwa na uchawi damuni. Yeye akipanda ngazi, anachagua speli, basi, ni yake. Hakuna kitabu, hakuna wino. Padri wa kundi letu yeye anaamka asubuhi, anasali, na orodha nzima ya speli za mapadri iko wazi mbele yake achague. Msomi peke yake ndiye anayeanza na kitabu chenye speli sita tu za daraja la kwanza, kila ngazi mpya inamwongezea mbili, na zaidi ya hapo chochote anachotaka lazima akitafute, akilipie na akinakili kwa mkono wake. Piga hesabu: sita, jumlisha mbili mara kumi na tisa, ni speli 44 akifika ngazi ya 20. Hizo ndizo za bure. Zilizoandikwa kwa ajili yake ni nyingi mno kuliko hizo, na ziko vitabuni mwa watu wengine.

Kinachowachanganya wapya ni kwamba kuna hesabu tatu tofauti, na wao huzisoma kama moja. Nitaeleza kwa namna niliyowaeleza wale vijana, tukiwa tumesimama kando ya mashine.

Kitabu ni kabati la faili. Kila speli uliyojifunza iko humo. Kuandaa ni zile faili unazozitoa asubuhi na kuziweka juu ya meza. Si zote, meza ni ndogo. Idadi yake ni ngazi yako jumlisha nyongeza ya akili yako. Msomi wa ngazi ya kwanza mwenye alama 16 za akili ana nyongeza ya alama tatu, kwa hiyo meza yake inabeba faili nne. Nafasi ni karatasi zilizomo kwenye trei. Ngazi ya kwanza una karatasi mbili tu kwa siku. Faili yoyote iliyo mezani unaweza kuichapa, hata mara mbili mfululizo ukitaka, ili mradi karatasi ipo. Ikiisha, unalala. Ukiamka umejaziwa trei, na unaweza kupanga meza upya.

Halafu kuna speli ndogo, tatu mwanzoni. Hizo ni kama muhuri ulio mfukoni: hazimo kwenye kabati, hazili karatasi, unagonga mchana kutwa.

Sita kabatini, nne mezani, mbili kwenye trei. Mtu akishika tarakimu hizo tatu, nusu ya safari imekwisha. (Kuna pia haki ya msomi kurudisha karatasi chache mara moja kwa siku baada ya mapumziko mafupi. Wapya huisahau kila mara. Iandike kwa kalamu nyekundu.)

Nusu ya pili ni matambiko, na hapa nataka kukaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoungulia.

Baadhi ya speli zina alama ya tambiko. Speli hiyo msomi anaweza kuisoma moja kwa moja kutoka kitabuni, bila kuiandaa na bila kula nafasi, akikubali kuongeza dakika kumi kwenye muda wake. Madarasa mengine ya wahusika, yaani aina zao kama padri, yanalazimika kuwa wameandaa au wanaijua speli hiyo. Msomi anahitaji kitabu tu. Ni kama kuandika kwa mkono badala ya mashine: inachelewa, lakini karatasi ya trei haiguswi. Kugundua uchawi, kuelewa lugha, kamsa ya kulinda kambi, kutambua kifaa kinafanya nini, mtumishi asiyeonekana, kumwita mnyama mwandani: hizi zote ni za daraja la kwanza na zote ni tambiko.

Ushauri wangu wa kwanza basi: katika zile sita za mwanzo, tatu ziwe matambiko. Vijana hawanielewi ninaposema hivi. Wanataka sita zote ziwe za vita. Lakini una karatasi mbili kwa siku! Speli sita za vita kwa karatasi mbili ni sawa na mtu mwenye suti sita na harusi mbili. Chukua ngao, ambayo unaitamka papo hapo adui anapokupiga. Chukua deraya ya uchawi, maana msomi havai chuma na uhai wake ni haba. Chukua usingizi, ambayo ngazi za mwanzo inalaza kundi zima la vibwengo bila mtu kutokwa jasho, ingawa ukifika ngazi ya tano utaona haina makali tena. Zilizobaki jaza matambiko, na usikose mnyama mwandani. Anagharimu makaa, ubani na mitishamba ya vipande 10 vya dhahabu, na saa nzima ya kumwita.

Mimi nilimchukua bundi. Kanuni zinampendelea bundi: anaruka juu ya adui na kuondoka bila kuchapwa, na akimsumbua adui, mwenzako anarusha dadu mbili na kuchukua iliyo bora. Hapo ndipo tulipogombana. Binamu alikataa katakata bundi kutua karibu na mhusika wake. "Bundi akilia juu ya paa mnajua nini kinafuata," alisema, mtu ambaye wiki mbili baadaye alichoma kitabu. Tulipiga kura. Bundi alishinda kwa kura moja, ya Mwalimu.

Sasa rudi pangoni. Kitabu kilichoungua kilikuwa na speli kumi na nane: kumi na nne za bure na nne nilizozinakili kwa jasho. Asubuhi ile nilikuwa nimeandaa tisa. Kanuni ni kwamba ukipoteza kitabu, zile ulizoziandaa bado ziko kichwani na unaweza kuziandika kwenye kitabu kipya. Zilizobaki zimekwenda, utazitafuta upya mitaani kama mtu anayeanza. Nikajua nimepoteza nusu. Nilichokuja kugundua nilipokaa na karatasi usiku ule ni nusu ipi. Nilikuwa nimefuata ushauri mzuri, huu huu ninaokupa, wa kutoandaa matambiko kwa sababu hayahitaji kuandaliwa. Kwa hiyo yote yalikuwa kitabuni na hakuna hata moja kichwani. Ngao, deraya, mishale, vyote salama. Matambiko yote sita ya daraja la kwanza, jivu. Na kile kibanda cha uchawi cha daraja la tatu, ambacho kundi zima hulala ndani yake usiku bila kuguswa, nilikuwa nimekipata ngazi ile ile. Sikuwahi kulala ndani yake hata usiku mmoja.

Hakuna mwongozo ulionionya kuhusu hilo. Kadiri msomi anavyotumia matambiko vizuri, ndivyo kitabu kinavyobeba vitu ambavyo kichwa hakina.

Nakala ya akiba ingenigharimu nini? Kunakili speli yako mwenyewe kutoka kitabu chako kwenda kingine ni vipande 10 na saa moja kwa kila daraja, kwa sababu unajua mwandiko wako. Matambiko sita ya daraja la kwanza ni 60. Kibanda cha daraja la tatu ni 30. Kitabu kitupu ni 50. Jumla 140 na saa tisa za kukaa chini. Kuyanunua upya kutoka kwa wengine ni vipande 50 kwa kila daraja, yaani 450, kabla hujajua kama utampata mtu mwenye nayo. Mimi ninayeuliza kila mteja, "Umehifadhi kopi ya kitambulisho?" sikuwa na kopi.

Kwa hiyo: nakala ya akiba ianze na matambiko. Usingoje uwe na pesa ya kunakili kitabu chote. Speli za vita zitakuwepo kichwani siku ya moto, maana ndizo unazoziandaa kila asubuhi.

Kuhusu kuongeza speli kutoka nje, njia ziko mbili na watu huzichanganya. Ukipata kitabu cha msomi mwingine, labda adui mliyemshinda, unakaa nacho na kunakili speli moja moja: saa mbili na vipande 50 kwa kila daraja la speli, gharama ya wino mzuri na majaribio ya kuelewa alama za mwenzako. Kwa kanuni zetu huhitaji dadu, na kitabu kile kinabaki kizima. Speli iwe tu ya daraja ambalo tayari una nafasi zake. Ninavyoona, hii ndiyo zawadi kubwa kuliko zote msomi anaweza kuipata, na bado nimewaona wachezaji wakikiacha kitabu cha adui sakafuni wakigombania upanga.

Gombo ni jambo lingine. Gombo ni speli moja kwenye karatasi ya kukunja, na yeyote mwenye speli hiyo kwenye orodha ya darasa lake anaweza kulisoma likafanya kazi mara moja. Msomi akitaka kulinakili kitabuni badala ya kulitumia, analipa muda na dhahabu ile ile, halafu anarusha dadu ya pande ishirini: lazima afikishe kumi jumlisha daraja la speli, akijumlisha nyongeza ya akili yake na ujuzi wake wa elimu ya uchawi. Afaulu, afeli, gombo linateketea. Hilo la mwisho lisome mara mbili.

Mimi gombo langu la kwanza la daraja la pili nilikuwa na nyongeza ya alama tano. Lengo lilikuwa 12, kwa hiyo dadu ilipaswa kuonyesha saba au zaidi. Uwezekano wa kufeli ni asilimia 30. Nikajiambia asilimia 70 ni pasi nzuri. Dadu ikaanguka kwenye nne. (Siku hizo wala haikuwa dadu, tulikuwa na vikaratasi ishirini ndani ya kofia ya binamu, na hadi leo nashuku namna alivyokuwa akiikoroga.)

Baadaye nilijifunza kuomba msaada kabla ya kurusha. Padri wetu ana speli ndogo ya mwongozo inayoongeza dadu ya pande nne. Refa akikubali mwenzako mwenye elimu akusaidie kusoma, unarusha mara mbili na kuchukua iliyo bora, na ile asilimia 30 inashuka hadi 9. Msifanye kazi hii kwa haraka katikati ya safari. Subirini mfike mjini, mkae, mpate chai.

Pesa sasa. Msomi ndiye mhusika anayekula dhahabu kuliko wote, na bila mpango atachukiwa mezani. Kwetu ugomvi ulianza kila mgao: mimi nataka wino, wenzangu wanataka dawa ya kuponya, ambayo chupa moja ni vipande 50. Kila mtu ana haki. Aliyetuokoa ni padri, ambaye nje ya mchezo anauza nguo za mitumba na ni mweka hazina wa chama cha kina mama wa mtaa wao. Alisema, "Kwani hamjui merry-go-round?" Tukaunda chama ndani ya mchezo. Wahusika wanne, kila safari ikiisha kila mmoja anaweka vipande 25, na zamu inazunguka. Zamu yangu ikifika nachukua 100, na 100 ni speli moja ya daraja la pili kamili. Zamu ya shujaa wetu ananunua dawa. Hakuna tena kelele, na Mwalimu anasema wahusika wetu ndio pekee Menengai nzima wenye daftari la mahudhurio.

Kuna swali moja la kumuuliza refa kabla hujachagua chochote: katika dunia hii, speli zinapatikana? Kuna wasomi wengine mjini? Magombo yanauzwa? Jibu lake linabadilisha namna ya kutumia zile mbili za bure za kila ngazi. Kama dunia imejaa maktaba, tumia za bure kwa speli za daraja la juu kabisa unaloweza, kwa maana hizo ndizo ghali kunakili: mbili za daraja la tatu ulizopewa bure ni vipande 300 ulivyookoa. Za chini utazinunua polepole. Lakini kama refa anapenda nyika na mapango, usitegemee mtu. Chukua unachokihitaji sasa hivi, hata kama ni cha daraja la kwanza. Mimi nilikosea hapo: ngazi ya tatu nilichukua mbili za daraja la pili nikisema la kwanza nitanunua Jumapili ijayo. Jumapili ijayo ilichukua miezi minne.

Na wewe uliye refa, usimnyime msomi vitabu halafu ukashangaa mbona anarusha speli zile zile. Weka kimoja kila baada ya safari chache, hata kiwe kimeliwa na mchwa nusu.

Mwalimu husema tunalia bure. Ana kumbukumbu ya kanuni za 1978, ambapo msomi alipokutana na speli mpya ilibidi arushe dadu ya asilimia kuona kama akili yake inaimudu kabisa. Mwenye akili 18, ya juu kabisa kwa binadamu wa kawaida, alikuwa na asilimia 85. Wa akili tisa alikuwa na 35. Na alianza na nafasi moja tu kwa siku. Akiitumia saa tatu asubuhi, kutwa nzima anabeba mizigo ya wenzake. Enzi zile pia faili na karatasi vilikuwa kitu kimoja: ukitaka kurusha speli mara mbili, uliikariri mara mbili, na kila ukiirusha inatoka kichwani. Wazo hilo la speli inayofutika akilini Gygax alilitoa katika hadithi za mwandishi Jack Vance. Mimi nikisikia hivyo nakumbuka majina ya milima na mito niliyoyakariri nikiwa shuleni, ambayo yalitoka kichwani mara tu nilipokabidhi karatasi ya mtihani. Vance hakubuni kitu.

Kitabu changu kipya kimefika speli kumi na tano. Bundi amerudi. Kibanda cha uchawi nilikipata tena mwezi uliopita, kutoka kwa msomi mzee aliyekuwa akiishi karibu na chemchemi ya maji moto, kwa vipande 150 na ahadi ya kumletea chumvi. Usiku ule ule nikakaa muda wa saa tisa na kuandika nakala ya akiba, matambiko matupu, na binamu akachoka kunisubiri akalala kwenye kiti.

Lilibaki swali la nani ataibeba. Kuziweka nakala zote mbili kwenye mkoba mmoja ni upuuzi, moto au mto mmoja unazimaliza pamoja. Nikampa binamu. Mhusika wake ndiye anayesimama mbali zaidi na tufe lake la moto, na kitabu kilichobebwa hakiungui. Anakifunga kifuani kwa kamba, Mwalimu ameandika hivyo kwenye karatasi.

Jumapili iliyopita tulikwama kwenye mvua, kuni zimelowa, na akauliza kama kurasa za mwisho za kile kitabu zina kitu.